Jiwe Likiingia Sebuleni

Mtu anayetaka kuweka jiwe la asili ndani ya nyumba yake mara nyingi huanzia mahali pasipofaa: dukani, mbele ya kipande cha sampuli kinachotosha kiganjani. Kipande hicho kimeng'arishwa, kimebandikwa ubaoni pamoja na vingine, na mteja humaliza shauri lake hapo hapo. Kisha bamba lenyewe linashushwa mlangoni, urefu karibu mita 3, upana mita 1.8, na juu yake mna mambo ambayo sampuli haikuyataja. Kuna mshipa wa rangi ya kutu unaokata mshazari toka pembe hadi pembe, doa jeusi lenye upana wa sahani, na wingu la kijivu linaloanzia katikati na kufifia kabla ya ukingo. Mteja analalamika kwamba ameletewa jiwe lingine. Hajaletewa jiwe lingine. Aliuziwa jiwe, akadhani amenunua kigae.

Kigae cha kiwandani kimetengenezwa kifanane na wenzake wote katoni kwa katoni. Bamba la jiwe limepasuliwa kwa msumeno kutoka kwenye bonge moja la mwamba, na linafanana sawasawa na mabamba mawili tu duniani: lile lililokuwa mbele yake na lile lililokuwa nyuma yake ndani ya bonge. Ukiliacha leo, kesho atalichukua mwingine, na aliyekwambia kwamba mengine kama hilo yako njiani anakusudia tu kwamba yanatoka kwenye machimbo yale yale. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila anayeniuliza ni hili: nenda yadi mwenyewe, ulione bamba lako zima, ulitie alama, na picha yake uwe nayo kwenye simu kabla hujatoa pesa.

Mengi ya mabamba ya graniti yanayouzwa Mombasa na Nairobi hutoka India na China na kuingilia bandari ya Kilindini. Yadini huwekwa wima, yakiegemezwa kwenye fremu za chuma, na ndani ya banda huwa na mwanga hafifu au taa kali ya dukani. Vyote viwili hupotosha rangi. Omba litolewe nje juani. Limwagie maji kidogo, kwa maana maji huamsha rangi, kisha ulitazame linavyokauka. Likikauka sehemu moja upesi na sehemu nyingine kwa kuchelewa, umejua pale panapokunywa maji. Pitisha ukucha juu ya kila mstari unaouona. Mshipa wa asili hausikiki chini ya ukucha, ufa huukwamisha. Gonga kwa kifundo cha kidole: bamba zima hulia, lenye ufa hutoa sauti butu. Halafu zunguka nyuma, mahali ambapo wanunuzi wengi hawafiki. Ukikuta wavu wa nyuzi uliogandishwa kwa resini, ujue jiwe hilo ni dhaifu na limefungwa plasta ili listahimili safari. Si kosa, marumaru nyingi nzuri huja hivyo, lakini hufai kulijua siku linapovunjika mikononi mwa fundi.

Mabamba meusi yana mtihani wake wa pekee. Mtu akitaka kaunta nyeusi tii hupelekewa kinachoitwa graniti nyeusi, na kijiolojia mara nyingi hiyo si graniti hata kidogo. Jiwe jeusi mashuhuri la Mutoko, Zimbabwe, ambalo limesafirishwa hadi Ulaya kwa makaburi na kaunta, ni dolerite, jamaa wa mawe ya volkano lililopoa likiwa chini ya ardhi. Ni jiwe gumu, halinywi maji kwa urahisi, na kwa jikoni ni miongoni mwa yaliyo bora. Lakini kwa kuwa weusi wa kweli una bei, wapo wanaochukua jiwe la kijivu na kulipaka rangi. Chukua kitambaa cheupe, kitie asetoni, ile inayotumika kuondoa rangi ya kucha, usugue pembeni. Kitambaa kikitoka na weusi, rudisha mkoba wako kwapani.

Marumaru nayo ndiyo inayoliza watu, na inawaliza kwa sababu ni nzuri mno. Marumaru ni jiwe la chokaa lililopikwa na joto na mgandamizo wa ardhi hadi likabadilika umbile. Madini yake makuu ni kalisiti, na kalisiti haipatani na tindikali. Sasa fikiria jiko la Pwani. Ndimu inakamuliwa juu ya samaki, ukwaju umelowekwa bakulini, siki ya kachumbari iko pembeni, embe la achari linakatwakatwa, na bizari ya manjano imemwagika kidogo kando ya sufuria ya biriani. Tone la ndimu likikaa dakika chache juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha alama iliyofifia isiyofutika kwa sabuni wala kwa dawa ya kuziba vitundu, kwa maana hilo si doa. Tindikali imekula uso wa jiwe. Manjano nayo hupenya na kubaki. Ndiyo maana kabla ya kununua bamba lolote jeupe kwa ajili ya jiko, omba kipande kilichobaki cha jiwe hilo hilo, kipeleke nyumbani, kikamulie ndimu usiku, ukitazame asubuhi. Kipande hicho kitakushauri vizuri kuliko muuzaji.

Sisemi marumaru isiingie nyumbani. Iweke ukutani mwa sebule, nyuma ya kitanda, kwenye meza ya pembeni. Ukiitaka sakafuni, kubali kwamba itachakaa. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs chenye ngazi 10, kalisiti iko ngazi ya 3, na chembe za kwatzi zinazoingia na viatu ziko ngazi ya 7. Nyumba iliyo karibu na njia ya mchanga itaipoteza ile ng'aro ya kwanza pale watu wanapopita zaidi. Kwa sakafu ya namna hiyo, afadhali jiwe lililosuguliwa likawa laini bila kung'arishwa, maana lisilong'aa tangu mwanzo halina ng'aro ya kupoteza. Na marumaru ya Kajiado, inayochimbwa hapa hapa Kenya, inastahili kuulizwa kabla ya kuagiza ya ng'ambo.

Baada ya kuchagua bamba huja kazi ambayo mimi naiona ndiyo usanii wenyewe, na ambayo nyumba nyingi huiruka: kupanga mkato. Bamba lina mwelekeo. Mishipa inakwenda upande fulani, uzito wa rangi uko mahali fulani. Fundi akiachiwa peke yake atakata kwa namna inayopunguza mabaki, na ni haki yake, kwani ndivyo alivyofundishwa kumhurumia mwenye mali. Lakini mshipa ukipanda kwenye kaunta, ukakatika kwenye ukuta wa nyuma na kuanza upya kwa upande mwingine, jicho halitulii. Chora kaunta yako kwa chaki juu ya bamba lenyewe. Sogeza mistari. Amua sinki liangukie wapi, ili sehemu yenye uzuri zaidi isikatwe na kutupwa kama tundu la sinki.

Mabamba mawili yaliyokuwa jirani ndani ya bonge yakifunguliwa na kuwekwa ubavu kwa ubavu, mishipa yake hukutana katikati na kutoa mchoro unaolingana kulia na kushoto, kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Ufundi huu si wa jana. Ndani ya Ayasofya, Istanbul, jengo lililokamilika mwaka 537, kuta zimevikwa marumaru iliyopasuliwa na kufunguliwa hivyo hivyo, na hadi leo mgeni husimama akitafuta sura za watu na wanyama ndani ya mishipa yake. Wale mafundi walilielewa jambo ambalo mashine haijalibadilisha: mapambo yamo tayari ndani ya mwamba, na kazi ya binadamu ni kujua pa kupasua.

Mfano ninaoupenda zaidi una asili ya Afrika. Mwaka 1930, mjini Brno, katika nchi iliyokuwa Chekoslovakia, msanifu Ludwig Mies van der Rohe alikamilisha nyumba ya familia ya Tugendhat. Katikati ya sebule kubwa alisimamisha ukuta mmoja wa oniksi iliyotoka milima ya Atlas, Morocco, yenye rangi ya asali na mishipa myeupe. Hakuna picha juu yake, hakuna rafu. Jua la jioni la majira ya baridi likiinama, mwanga hupenya jiwe na ukuta huo huwaka wekundu. Nyumba hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, mwaka ule ule ulioingizwa Mji wa Kale wa Lamu. Tazama alichofanya Mies: ukuta mmoja. Alikuwa na mteja mwenye uwezo, angeweza kuvika nyumba nzima, lakini aliacha jiwe moja liseme na vingine vyote vikanyamaza.

Huko ndiko ninakotaka wenye nyumba zetu wafike. Nimeona sebule zilizovikwa graniti inayong'aa sakafuni, ukutani, kwenye nguzo na kuzunguka televisheni, kila uso ukirudisha taa usoni mwa mgeni, sauti za watoto zikigonga na kurudi. Gharama ni kubwa na matokeo ni ukumbi wa benki. Jiwe linahitaji jirani asiyeshindana nalo: ukuta wa chokaa nyeupe, mbao, mkeka, kitambaa. Linahitaji pia mwanga wa ubavuni. Dirisha au taa iliyo pembeni huchora kila tuta na kila shimo la uso wake, lakini taa iliyoelekezwa moja kwa moja mbele yake hulifanya liwe bapa kama karatasi ya ukutani.

Na kama ni ukuta mmoja tu, mbona usiwe wa Mazeras?

Kilomita ishirini hivi kutoka kisiwani Mombasa, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, ndipo ulipo mji wa Mazeras uliolipa jiwe hilo jina. Ni jiwe la mchanga, tabaka mojawapo la mfululizo wa mawe ya Duruma, lililolazwa na maji kabla ya bahari kuifikia pwani hii kwa sura tunayoijua, zama za mijusi wakubwa waliotoweka. Ndani ya matabaka hayo hupatikana magogo ya miti yaliyogeuka mawe, na pete zake bado zinaonekana. Wachimbaji huligawanya kwa patasi na nyundo, wakiitafuta ile mistari ya kulala kwake, na linapasuka katika vipande bapa kwa sababu lililala hivyo, mchanga juu ya mchanga. Rangi zake zinatokana zaidi na chuma kilichomo: maziwa, manjano, waridi, zambarau iliyofifia, kahawia. Kipande kimoja kinaweza kubeba tatu kati ya hizo kwa mawimbi yaliyopindana.

Wakenya tunalijua Mazeras kama jiwe la nje. Tunalitandaza uani, kwenye ngazi za kuingilia, kwenye kuta za uzio na kandokando ya mabwawa ya kuogelea, kwa sababu halitelezi na halichomi nyayo vibaya. Ndani ya nyumba tumeliacha, kana kwamba lilikosa adabu ya kukaa na wageni. Mimi naona tumelidhulumu. Likikatwa pembe mraba kwa mashine, likalazwa kwa vipande virefu vya viwango tofauti juu ya ukuta mmoja unaopokea jua la asubuhi kwa ubavu, lina uzuri ambao graniti ya kung'arishwa haiufikii, kwani linakunywa mwanga badala ya kuurusha. Tena linakwenda vizuri na mbao za mvule na mlango wa kuchongwa, vitu ambavyo nyumba za Pwani tayari zinavyo.

Lina masharti yake. Jiwe la mchanga lina vitundu vingi, kwa hiyo jikoni na karibu na mafuta halifai. Adui yake mkubwa katika ukanda wetu ni chumvi. Fundi akichanganya saruji kwa maji ya kisima yenye chumvi, au ukuta ukinyonya unyevu kutoka chini, maji yale hupita ndani ya jiwe, hukauka usoni na kuacha unga mweupe. Chumvi ikigandia ndani ya vitundu hutanuka na kusukuma, na uso wa jiwe huanza kubanduka vipande vidogo kama magamba. Dawa ya kuziba haitaliokoa ikiwa unyevu unatoka nyuma, bali italifungia. Kwanza zuia unyevu ukutani, tumia maji matamu kwenye saruji, mchanga uwe wa mtoni uliooshwa, kisha ndiyo uwaze dawa.

Kuna watakaosema kwamba jiwe ghafi ukutani ni jambo geni kwa nyumba ya Mswahili, ambayo kuta zake za ndani zilipigwa lipu ya chokaa ikalainishwa. Ni kweli kuhusu lipu, na zidaka za nyumba za Lamu zilizochongwa kwenye lipu hiyo ni fahari ya ulimwengu. Lakini jiwe la mapambo lilikuwepo. Husuni Kubwa ya Kilwa, kasri la karne ya 14, ilipambwa kwa vipande vya matumbawe vilivyochongwa. Mafundi walitumia matumbawe laini yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi, wakayachonga kabla hayajakauka na kuwa magumu, na ndiyo hayo hayo yaliyotumika kwenye mihirabu na miimo ya milango ya majumba ya watu wenye uwezo. Hiyo ni kazi ya kutazamwa na kuheshimiwa, si ya kurudiwa, maana kuyang'oa matumbawe mabichi leo ni kuwaua samaki wetu na kuuacha wazi ufuko wa pwani mbele ya mawimbi. Mazeras haitoki baharini. Ni jiwe ambalo lingeweza kuibeba shauku ile ile bila madhara yale.

Uzito hausameheki, kwa hiyo niuseme upesi. Graniti yenye unene wa sentimita 2 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa kila mita mraba, na ya sentimita 3 inapita kilo 80. Bamba zima jembamba linakaribia kilo 300. Hubebwa likiwa wima, kwani jiwe huvumilia kukandamizwa lakini halivumilii kupindwa, na mahali dhaifu kuliko pote ni ule utepe mwembamba unaobaki mbele na nyuma ya tundu la sinki. Makabati yaliyo chini yasawazishwe kwa pima maji kabla jiwe halijafika. Ukutani, mabamba makubwa yashikwe kwa vyuma visivyoshika kutu, wala yasitegemee gundi peke yake, hasa juu ya kitanda. Marumaru nyeupe ilazwe kwa gundi nyeupe, kwa sababu saruji ya kijivu huonekana kwa nyuma na kuififisha. Yale mabamba ya kijani kutoka Rajasthan yanayouzwa kwa jina la marumaru mara nyingi ni sapentini, nayo yakilazwa kwa gundi ya maji hupindika. Yanataka epoksi.

Nimeliacha vumbi hadi sasa kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi.

Pita kwenye karakana zozote za mawe, na mara nyingi utamkuta kijana akikata bamba kwa grainda bila maji, wingu jeupe limemfunika hadi nyusi, leso imefungwa puani. Leso hiyo haizuii kitu. Chembe za silika zinazodhuru ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, zinapita kwenye kitambaa na kufika mwisho wa mapafu, na zikifika huko hazitoki. Mapafu hujenga makovu kuzizunguka. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba, na anayeugua huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Marumaru safi ina silika kidogo. Graniti inayo nyingi. Mazeras, jiwe la mchanga ninalolisifu hapa, limejaa kwatzi, kwa hiyo ni la hatari kuliko yote ya asili niliyoyataja kwa yule anayelikata. Na mabamba yanayotengenezwa kwa kusaga kwatzi na kuigandisha kwa resini, ambayo sasa yanauzwa kama mbadala wa graniti, yanaweza kuwa na silika inayopita asilimia 90. Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, baada ya wakataji wake, wengi wakiwa bado vijana, kuharibika mapafu.

Kinga yake inajulikana, wala si ya gharama ya kutisha: kata kwa maji. Msumeno wenye bomba la maji hulishika vumbi kabla halijaruka. Anayekata avae barakoa ya chujio inayobana uso, sakafu ioshwe, isifagiliwe ikiwa kavu, na hakuna kukata sebuleni kwa watu kwa sababu tu kipimo kimezidi sentimita mbili. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Ila karakana ya kando ya barabara mkaguzi haifikii mara kwa mara, na anayefika pale kila siku ni mteja. Uliza maji yako wapi kabla hujauliza bei. Ukiambiwa hakuna, nenda karakana nyingine, na umweleze mwenye hii sababu iliyokuondoa. Bei ikipanda kidogo kwa ajili ya maji na barakoa, ilipe bila kunung'unika. Hakuna kaunta inayostahili pumzi ya kijana wa miaka 25.

Kazi ikiisha, matunzo ni machache. Graniti ifutwe kwa maji na sabuni laini, bila siki wala dawa kali za choo. Mara moja kwa mwaka dondosha matone ya maji juu yake na usubiri dakika kumi. Yakisimama kama shanga, dawa ya kuziba bado inafanya kazi. Jiwe likiweka giza chini yake, ni wakati wa kuipaka upya. Na usimruhusu fundi aondoke na mabaki yote. Vipande virefu vinatosha vizingiti vya madirisha na rafu ya bafuni. Kimoja chenye ukubwa wa mkono kihifadhi stoo, kiandikwe kwa nyuma jina la jiwe, yadi na tarehe. Machimbo yanapochimbwa rangi ya mwamba hubadilika, na pembe ya kaunta ikivunjika baada ya miaka kumi, hakuna duka litakalokuwa na kiraka chake isipokuwa stoo yako.